Grisi Kwenye Mashati ya Binti Zangu

Mama mkwe wangu alianguka mwezi wa saba, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefungua. Alikuwa amekaa kwenye mkeka nyumbani kwake Igwachanya akichambua maharage. Mkono wa kulia ukakataa, kisha mdomo ukaenda upande. Majirani wakamtafutia gari hadi hospitali ya Njombe, na siku hiyo hiyo mke wangu akatia kanga mbili na sweta kwenye begi, akaenda kumuuguza. Ndiye binti pekee kwao. Alisema atakaa wiki moja. Alikaa karibu miezi mitatu.

Akiwa mlangoni, begi begani, aligeuka kuniambia mambo ya nyumba. Wapi kuna unga, nani anadaiwa daftari la shule, mdogo asiachwe alale bila soksi. La mwisho likawa la nguo.

"Nyeupe usichanganye na za rangi. Doa la damu usilitie maji ya moto. Na ukitoka kazini, vua ovaroli kabla hujamshika mtoto."

"Sawa," nikasema. Sikuwa nimesikia hata nusu.

Mimi ni fundi wa magari makubwa hapa Makambako. Malori yanayokwenda Songea na yanayokwenda Mbeya yote yanapita hapa, na hayaachi kuharibika. Kutwa nzima niko chini ya gari, mgongo kwenye boksi lililochanika, oili chafu ikinidondokea shingoni. Nyumba yetu iko Kitandililo, nje kidogo ya mji, kwa hiyo kila siku narudi kwa pikipiki na baridi ile, mikono imekufa ganzi. Tuna binti wawili. Mkubwa alikuwa darasa la nne, mdogo ana miaka minne. Mchana mdogo nilimwacha kwa mama mmoja jirani yetu, mjane wa makamo, mzee wa kanisa, ambaye watoto wake wameshakua wakaondoka.

Wiki ya kwanza nilifua kama ninavyoosha vipuri. Nilitia kila kitu kwenye beseni moja, nikamwaga sabuni ya unga, nikakanyagakanyaga, nikaanika. Nguo zilitoka zimepauka, na madoa yamebaki pale pale. Mengi yalikuwa yangu. Mdogo alikuwa anasikia pikipiki kabla haijafika kona, anakuja mbio, ananishika miguu na kunibandika shavu kwenye goti la ovaroli. Nikimwambia asubiri, hasubiri. Mama yake hayupo. Mtu aliyebaki wa kushikwa ni mimi. Kisha akitoka kwangu anakwenda kumrukia dada yake, aliyekuwa bado na sare ya shule, akininawisha maji kwa kopo. Hivyo ndivyo grisi ilivyotoka Makambako mjini mpaka kwenye kola ya shati jeupe.

Jumatatu moja nilirudi nikamkuta mkubwa amechuchumaa nyuma ya nyumba. Alikuwa anasugua shati kwa gunzi la mahindi, vidole vimekuwa vyekundu kwa maji ya baridi.

"Unafanya nini?"

"Nafua."

"Si tulifua Jumamosi?"

"Mwalimu kanitoa mstarini kwenye ukaguzi. Kanisimamisha na wachafu."

Hakulia. Alisema kama mtu anayetoa taarifa, kisha akaendelea kusugua, na kitambaa kilikuwa kimeanza kuota manyoya pale kwenye kola. Nikamnyang'anya shati. Nikamwambia aingie ndani apate joto, nitalishughulikia mwenyewe.

Nilikuwa nimechoka. Tangu alfajiri nilikuwa nimeshusha gia boksi za malori mawili, na bado ugali haujapikwa. Nikafanya ninachojua. Gereji tukitaka kutoa grisi mikononi tunachukua petroli kidogo, tunajipaka, tunafuta. Nikafyonza petroli kwenye tangi la pikipiki, nikaitia kwenye kopo, nikalowesha kola na mikono ya shati. Doa likalegea mbele ya macho yangu. Nilifurahi! Nikapitisha sabuni mara moja, nikasuuza kwa maji kidogo kwa kuwa ndoo ilikuwa imebaki moja, nikalianika chini ya ukingo wa bati maana nje kulikuwa na manyunyu. Asubuhi lilikuwa bado na unyevu. Lilinuka kidogo. Nikamwambia, "Vaa tu, litakaukia mwilini."

Akavaa, akavaa na sweta juu yake, akaenda.

Jioni nilimkuta ameinamisha kichwa kwenye daftari, ananiitikia bila kugeuza shingo. Nikamsogelea. Nikavuta kola. Ngozi ya shingo yote, kuanzia chini ya sikio hadi nyuma, ilikuwa imeiva kama ya mtu aliyemwagiwa uji wa moto, na sehemu mbili zilikuwa zimetoa malengelenge. Kola ilikuwa imeshikamana na moja.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema nitasema ukishakula."

"Na asubuhi? Hukuhisi inawasha?"

"Ilikuwa inawasha."

"Sasa mbona ulivaa?"

Akaniangalia kwa jicho la pembeni, kwa kuwa shingo haikugeuka. "Ulikuwa umechoka, baba."

Nimeshabanwa mkono na jeki, nimeshaangukiwa na rimu la gurudumu mguuni. Maneno yale yaliniuma kuliko hivyo vyote. Nilimwosha shingo kwa maji mengi ya baridi, nikamvisha fulana laini, na kesho yake sikwenda kazini, nikampeleka zahanati. Muuguzi alipouliza nikamweleza ukweli. Akasema taratibu, "Baba, petroli ni ya pikipiki." Akatupa dawa ya kupaka.

Tulipotoka huko nilimpitisha mtoto kwa yule mama jirani. Nilitaka tu kumwachia, lakini nikajikuta namweleza yote. Alikuwa ameketi jikoni akimenya viazi, binti yangu mdogo pembeni akichezea maganda. Akaweka kisu chini.

"Kalete hizo nguo zote," akasema. "Zote. Na ovaroli ulete."

"Mama, nitafua tu mwenyewe."

"Nani kasema nitakufulia mimi? Kalete."

Tulikaa uani kwake mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba. Alinikalisha kwenye kigoda, naye akasimama, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu. Doa bichi la grisi, akasema, lipake chaki iliyosagwa, ulale nalo, chaki inywe mafuta. Doa la zamani lililokwisha kukauka lipake mafuta ya kupikia kidogo, ulifikiche mpaka lilegee, kisha sabuni ya mche, kavu, bila maji, kisha maji ya moto. Nikamuuliza itakuwaje kutoa mafuta kwa mafuta.

"Wewe fanya."

Nikafanya. Doa la kwanza lilinichukua karibu nusu saa. Nilifikicha kwa vidole gumba mpaka misuli ya mkono, hii inayofungua nati za lori, ikaanza kutetemeka. Doa la utomvu wa parachichi kwenye gauni la mdogo, ambalo nilidhani ni kutu, akaniambia nitie ndimu na chumvi, nianike juani bila kusuuza, nilirudie kesho, na keshokutwa. Lilififia tu, halikutoka. Mashati ya mkubwa yalikuwa matatu. Mawili yalitakata. Lile la petroli lilibaki na kivuli cha njano kwenye kola, na yule mama akaligeuzageuza mwangani, akasema hilo sasa ni la shambani.

Nilipomaliza sikuweza kukunja vidole. Nikamwambia, "Mama, hivi mke wangu anafanya hivi kila wiki?"

"Kila wiki," akajibu. "Na wewe huwa unamwuliza mbona chakula kimechelewa."

Sikuwahi kumwambia kwamba huwa nauliza hivyo. Nadhani kuta zetu ni nyembamba.

Tangu siku ile nikaanza kuvua ovaroli gereji. Nikanawa mpaka kwenye viwiko kwa sabuni, nikavaa suruali safi, ndipo nikapanda pikipiki. Na nilimwambia mdogo, kwa ukali ambao leo naujutia, kwamba akinishika tena kabla sijamruhusu, atamuumiza dada yake shingo. Alielewa. Alielewa kupita kiasi. Siku zilizofuata nilipofika alisimama kwenye ngazi, mikono ameifunga nyuma, akinitazama. Nguo zake zilikuwa safi. Mimi pia nilikuwa safi. Nikafungua mikono nikamwita, akauliza, "Una grisi?" Nikasema sina. Akasema, "Nionyeshe." Nikamwonyesha mbele na nyuma. Bado hakuja. Ilipita zaidi ya wiki kabla hajasahau, na kila jioni ya siku zile nilikula bila hamu.

Jumapili moja baada ya ibada niliwapeleka Njombe kumwona bibi yao. Mji ulikuwa umejaa ukungu, huoni mtu mpaka akukaribie. Niliwavalisha magauni ya kanisani, nimeyapiga pasi mwenyewe. Mke wangu alitoka wodini kutupokea. Alikuwa amekonda, kanga ile ile aliyoondoka nayo, macho mekundu. Akawakumbatia, kisha mkono wake ukateleza kwenye shingo ya mkubwa, ukasimama.

"Hii nini?"

Ngozi ilikuwa imeshapona, lakini ilibaki baka la rangi nyingine. Nilimwambia kila kitu pale pale barazani, watu wanapita na chupa za chai. Nilitegemea anifokee. Ningependa anifokee. Alisikiliza hadi mwisho, akaegemea ukuta.

"Ningekuwepo," akasema.

"Huwezi kuwa pote."

"Ndiyo hiyo. Siwezi." Akajifuta uso kwa pindo la kanga. "Usiku namgeuza mama kila mara asipate vidonda. Mchana nafua mashuka yake. Hapa jua hakuna, nayaweka mapajani yakauke. Halafu nikifumba macho nawaza, wamevaa nini shuleni."

Nikaomba nipewe yale mashuka. Akanionyesha bomba nyuma ya wodi, nikakunja mikono ya shati langu la Jumapili, nikafua. Wanawake waliokuwa pale walinitazama kwanza, kisha mmoja akanisogezea sabuni yake.

Mama mkwe hakupona kabisa. Alipopewa ruhusa tulimleta kwetu Makambako, maana Igwachanya hakuna wa kumshika. Anaongea maneno machache, mguu mmoja anauburuta. Kijiko kikimtoroka, chai na mboga humwagikia kifuani, naye huona aibu na kuficha doa kwa mkono mzima. Nguo zimeongezeka. Jumamosi sasa tunakaa uani wawili, mabeseni manne, mimi na mashati na magauni ya watoto, mke wangu na nguo za mama yake. Hatuongei sana. Upepo wa Makambako unakausha haraka, hilo ni jema, ingawa unarudisha vumbi kwenye kamba.

Jumamosi iliyopita niliinua kichwa nikamwona mke wangu amelala, ameketi wima kwenye kigoda, mikono yote miwili imezama kwenye povu. Mkubwa alikuja akataka kumwamsha. Nikaweka kidole mdomoni mwangu anyamaze. Nikavuta beseni lake polepole, nikaitoa mikono yake majini mmoja mmoja, nikaikausha kwa kanga yake, nikaendelea na gauni la bibi. Lilikuwa na doa la chai, kubwa, la siku tatu.