Sauti ya Kituo cha Juu

Mume wangu alimsikia mwanamke mwingine vizuri kuliko alivyonisikia mimi. Jambo hilo lilitokea mara tatu kwa siku, na mimi nikiwa nasikiliza.

Tulikuwa watu watatu kwenye wimbi moja la redio. Mume wangu alikaa kituo kikuu, mjini Lubumbashi. Mimi nilikaa kituo cha chini, Kasungami, kando ya bwawa dogo. Yule mwanamke alikaa kituo cha juu, kule mto unakotokea, na sikuwa nimemwona hata siku moja. Kazi yetu sisi wawili ilikuwa kusoma kipimo cha maji mtoni, asubuhi, mchana na jioni, kisha kumtajia mume wangu namba kwa phonie, ile redio ya kubonyeza kitufe, bouton, ndipo useme. Yeye ndiye aliyetoa amri ya kufungua malango ya bwawa. Ilikuwa miaka ya Zaire, shaba inatoka kwa wingi, na viwanda vilitaka maji bila kukatika.

Kwenye phonie hakukuwa na mke wala mume. Sote tulikuwa citoyen na citoyenne, yaani wananchi, kama serikali ilivyoagiza. Na kila asubuhi mambo yalikuwa yale yale.

"Citoyenne wa chini, rudia. Siko nasikia muzuri."

Nilirudia yote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi: jina la kituo, saa, namba, hali ya mawingu.

"Rudia tena."

Namba tulizitaja kwa Kifaransa, na katika kelele ile *six*, sita, na *dix*, kumi, hazina tofauti. Msimu wa mvua radi zilipasuka masikioni kama mahindi ya kukaanga. Nilirudia mara tatu, mara nne, mpaka koo likakauka. Kisha ilikuja zamu ya kituo cha juu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, haina haraka. Mume wangu alimrudishia alichosikia, yeye akajibu neno moja au mawili, na ndipo likaja lile neno nililolichukia, la kwamba amepokea vizuri na anashukuru sana:

"Bien reçu, citoyenne. Merci mingi."

Ile "merci mingi" mimi sikuwahi kuipata.

Jioni, baada ya kazi, nyumbani kwetu Kamalondo, mjini, nilimwekea bukari, ugali wetu, na samaki, nikamuuliza kama mtu asiyejali, "Yule wa juu, unamusikiaka namna gani?"

"Iko anajua kusema," alinijibu huku akimega bukari. Aliendelea kula. Mimi sikuendelea.

Nilianza kumtengeneza kichwani: nywele zilizosukwa vizuri, pagne ya kitenge mpya kila Jumapili, meno meupe. Nilihesabu maneno aliyomwambia na maneno aliyoniambia mimi. Siku moja mume wangu alicheka kwenye wimbi, kicheko kifupi tu, kwa sababu yule wa juu alikuwa amekosea saa. Nilikibeba kicheko kile siku nzima kama mwiba.

Halafu nikagundua kidole changu kinaweza kufanya nini. Watu wawili wakibonyeza pamoja, kituo kikuu hakisikii yeyote. Kinasikia mluzi tu. Mara ya kwanza nilibonyeza kwa bahati mbaya. Mara ya pili haikuwa bahati mbaya. Nilimsikia mume wangu akisema, "Citoyenne wa juu, rudia," na moyo wangu ukapoa. Na yeye arudie, nikasema. Na yeye akaukwe na koo.

Siku ile mbaya ilikuwa mchana. Kwangu jua lilikuwa linawaka, lakini upande wa juu mbingu zilikuwa nyeusi. Nilitaja namba yangu: soixante-quatre, sitini na nne. Alipoanza kusema wa juu, nilisikia sauti yake imebadilika, ina haraka. Nilidhani anamlilia mume wangu jambo fulani. Nikabonyeza, nikashikilia.

Nilipoachia, mume wangu alikuwa akiuliza, "Citoyenne wa juu, iko soixante-six? Kama ni vile, usijibu."

Sitini na sita: hakuwa mjinga. Mto ulikuwa mmoja, na namba zetu zilitembea pamoja. Yake ilizidi yangu kwa mbili au tatu, siku zote. Mara nyingi radi ilipommeza mmoja wetu, mume wangu alimkisia kwa namba ya mwenzake, na alipatia. Nikasikia sauti nyembamba ikianza, "Hapana, iko cent..." Nikabonyeza tena kabla hajamaliza hiyo mia.

Mume wangu akachukua kimya kuwa ni ndiyo. Malango hayakufunguliwa.

Maji yalifika kabla ya jioni, mekundu, yamebeba matawi. Yalipita juu ya ukuta wa bwawa na kuingia mashambani. Jirani wa kituo, mama mmoja aliyekuwa akinipa viazi vitamu mchana, alisimama na jembe mkononi akiangalia maharage yake yakizama. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mayi imemaliza yote." Mimi nilikuwa nyuma yake.

Kesho yake mkubwa wa kazi alituita sote watatu ofisini. Ndipo nikamwona. Alinizidi umri kidogo, na alikuwa mzuri kuliko nilivyoogopa. Mume wangu alisimama kama mwanafunzi aliyekosa. Mkubwa alimwuliza yule mwanamke kwa nini onyo halikupita.

"Kulikuwa radi, citoyen," alijibu.

Mume wangu alisimamishwa kazi siku kumi bila mshahara. Tulipotoka koridoni, mwanamke alinivuta pembeni.

"Mudogo yangu, ile haikuwa radi. Nilipoachia bouton, nilisikia ya kwako ikiwa imebanwa. Kelele yote inanyamazaka, mutu anabaki anapumua mule ndani."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwita yaya, kama dada mkubwa: "Yaya, juu ya nini haukusema?"

"Ningesema, nani angelisha nyumba yenu?" Kisha, kana kwamba tunaongea habari za kupika, akaongeza, "Na tena, acha kurudia yote. Umusikilize kwanza, yeye anarudisha nini. Penye amekosea, ndipo utengeneze. Kule kwingine amekwisha kusikia."

Nilimshukuru, na wakati huohuo nilimchukia zaidi, kwa kuwa sasa alikuwa pia na huruma.

Nilimwambia mume wangu siku hiyo hiyo, tukitembea kuelekea nyumbani, tukipita mafundi cherehani wa kando ya njia. Alisimama, akataka kujua sababu.

"Juu ya nini?"

"Juu ya merci mingi."

"Sauti yake ninaipenda," alisema. "Sauti tu. Sitakudanganya." Akatangulia mbele, akaniacha nifuate nyuma.

Jumamosi tatu nilikwenda Kasungami kupanda upya maharage ya yule mama. Nilimweleza kosa langu tukiwa tumeinama. Akanionyesha mstari wa kuanzia, akaendelea kulima.

Mume wangu aliporudi kazini nilijaribu njia ya mwenzangu. Alinirudishia namba, nikatengeneza moja tu: "Dix, si six."

"Bien reçu, citoyenne."

Ilikuwa mara ya kwanza bila kurudia. Nilikaa na kipaza sauti mapajani, nikangoja aseme lile jingine. Hakusema. Akamwita wa juu, nami nikaiweka mikono yote miwili mezani, mbali na bouton, nikawasikiliza.