Mashine Isiyoona Hatua za Mama

Miaka ile waasi waliposhika Beni na Butembo, mama aliacha shamba letu la Mbau akahamia Rughenda, pale Butembo, karibu na kiwanja cha ndege. Mimi nilikuwa mtu wa barabara, leo Oicha, kesho kwingine. Niliporudi kwake nilimkuta ana ugonjwa wa sukari, na kiunoni, juu ya kitenge, amebana kitu kidogo cha plastiki. Daktari wa kituo cha afya aliwagawia wagonjwa wake vitu hivyo ili vihesabu hatua. Aliyetembea kidogo aliongezewa vidonge.

Mama alitembea kila asubuhi. Lakini kwetu mwanamke mzima hatembei mikono mitupu. Alijaribu mara moja tu, jirani akamwuliza toka mlangoni, "Mama, unatembeza nani? Ao kuna mutu amekufa?" Tangu hapo alibeba kitunga cha viazi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akauzunguka uwanja wa ndege na kurudi na viazi vilevile.

Nilimsindikiza kwa daktari. Akakitazama kile kitu.

"Mama, hautembei."

"Ninatembea, docteur."

"Lakini mashine inasema hapana."

"Basi ni mashine njo ilikuwa inalala. Mimi nilikuwa njiani."

Daktari alicheka, akaongeza vidonge.

Haikupita wiki, watu wakaja kuniita. Mama ameanguka kando ya uwanja, anatetemeka, jasho linamtoka, viazi vimetapakaa. Muuza chai alikoroga sukari ndani ya maji akamnywesha, macho yakarudi. Sukari tuliyoiogopa nyumbani ndiyo iliyomwinua. Jambo hilo lilinikosesha raha: kama vidonge vimeishusha sukari yake kupita kiasi, basi labda mashine ndiyo iliyokosea.

Nilikivaa kile kitu mwenyewe. Nikatembea wima, kikahesabu. Nikajitwika kitunga kwa paji, nikainama, nikasogeza hatua fupi za polepole kama mama. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. "Ungoje, tukuletee na mutoto umubebe." Kile kitu hakikuhesabu hata kidogo.

Nilipomweleza daktari hakubisha. Alipitisha kidole juu ya kioo kidogo cha ile mashine.

"Kumbe alikuwa anatembea, na mimi ninamuongezea dawa," alisema. "Lakini sasa nitajua namna gani? Vifaa vya kupimia sukari ya damu vilikwisha, na barabara imefungwa. Vidonge nitapunguza. Vingapi, nitakisia tu."

Tulirudi polepole. Mama hakuwa na mzigo, na njia nzima alitazama chini.

"Sasa nibebe viazi ao niache?" aliniuliza.

Kesho yake nilimsikia akipanga viazi kitungani, vichache kuliko kawaida. Alipotoka nilivaa viatu, nikamfuata kwa mbali, chupa ya maji ya sukari mfukoni.