Ukuta wa Fundi Redio

Mama Sindano hakuwahi kumwamini mtu anayejenga kimyakimya. Jirani yake, Fundi Redio, aliamka tu asubuhi moja akavuta kamba, akachimba msingi wa ukuta wa chumba karibu na ua wa michongoma, bila hata kubisha hodi. Mwenye nia njema angesema walau, "Shemeji, tutakuchafulia kidogo."

Ukuta huo ungeziba mwanga wa kibaraza, na kibaraza ndicho kinachomlisha. Hapo ndipo anaposhonea, hapo ndipo anapotunga uzi bila miwani. Mwanga ukipotea, wateja wataanza kurudishiwa suruali zenye mguu mmoja mrefu.

"Kamshtaki, wifi," alisema dada wa marehemu mumewe, ambaye akianza kuchochea hakupi hata nafasi ya kumeza mate. "Waje wambomolee kabla hajafika kwenye lenta ya madirisha."

Mama Sindano alikuwa na hasira, lakini hakuwa mjinga. Ofisi za serikali nazo hakuziamini. Akaona aulize kwanza sheria inasemaje, asije akaumbuka mtaa mzima. Kwenye ofisi ya mipango miji, karani mwenye kikohozi alimsikiliza huku akimkagua juu hadi chini.

"Kuna nafasi ya kuacha kati ya jengo na mpaka, mama. Umepima?"

"Nimepima. Kutoka kwenye ua hadi msingi wake hata mita haifiki."

"Ua si mpaka. Ua mtu anapanda anapotaka. Pima kutoka kwenye jiwe la mpaka. Na ukileta malalamiko, tunapima pande zote mbili."

Hayo ya pande zote mbili hayakumpendeza. Alirudi, njiani akijiuliza kama karani na Fundi Redio hawajuani. Alipofika akashika jembe, akaanza kuchimba kandokando ya ua akilitafuta jiwe. Fundi Redio akaweka tofali chini, akasogea.

"Shemeji, unatafuta nini?"

"Mizizi."

"Kama ni jiwe, hapo hulipati. Liko chini ya cherehani yako." Akapangusa mikono. "Marehemu alipotaka kupanua kibaraza alikuja kwangu, nikamwambia ajenge tu. Akausogeza na ua upande wangu. Wewe ulikuwa umekwenda kwenu kujifungua."

Maneno matupu, alijisemea Mama Sindano. Akaingia, akasogeza cherehani, akagonga sakafu kwa nyundo mpaka saruji ikapasuka. Kichwa cha jiwe kilikuwa pale pale. Aibu ikampanda hadi masikioni, na hofu juu yake. Angeshtaki, kingebomolewa kibaraza chake.

Akatoka na nyundo mkononi.

"Miaka yote hii unajua, na hukusema?"

"Ili ushone kwa wasiwasi?"

"Na huu ukuta?"

"Kibali ninacho. Nimeuvuta nyuma kuliko walivyonitaka, mwanga usikupotee. Na hodi sikubisha kwa makusudi. Ningeanza habari za ujenzi, ungeniuliza mpaka uko wapi."

Mama Sindano aliweka nyundo chini, akaokota jembe. Alikuwa bado amelishika wifi yake alipoingia uani, macho yakiwaka.

"Enhe, umeshamshtaki?"

"Sheria nimeuliza," alisema Mama Sindano, akimpa jembe. "Wa kushtakiwa ni kaka yako. Hebu nisaidie kufukia haya mashimo."