Mafungu Manne ya Uzee Wangu

Nilipewa talaka nikiwa na miaka thelathini na minane, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Tulikaa miaka kumi na minne bila mtoto, na mama yake alikuwa amechoka kungoja. Siku hiyo alinikabidhi karatasi mbele ya mashahidi wawili, akanibebea sanduku kwa mikono yake mwenyewe hadi mtaa wa Mabawa, kwenye nyumba ya marehemu mama yangu. Akaliweka barazani akasema, "Nisamehe." Nikamjibu nimemsamehe. Akaondoka kwa hatua ndefu kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Nyumba ilikuwa ya udongo na makuti, na hapakuwa na mtu. Kaka yangu, ndugu yangu wa pekee, alikuwa na nyumba yake Ngamiani na mke na watoto, kwa hiyo ile ya mama aliniachia mimi. Eda yangu niliimaliza humo peke yangu. Ilipokwisha, shangazi alikuja kunitazama. Alikaa kitini, akazungusha macho chumba kizima, kisha akasema lile alilokuja nalo.

"Mwanangu, kwa umri huo atakayekuoa ni mzee anayetafuta wa kumkanda miguu. Na mtoto huna. Siku utakapolala kitandani, nani atakupa maji?"

Nikamwandalia chai. Alipokwisha kuinywa alikwenda zake, nami nikabaki na lile swali.

Kazi nilikuwa nayo. Nilikuwa fundi cherehani katika hospitali moja ya serikali: shuka, foronya, magauni ya wagonjwa, mwaka mzima kitambaa cheupe. Chumba chetu cha kushonea kilikuwa na cherehani mbili. Ya pili ilikuwa ya mama mmoja wa Kishambaa, mjane, Mlutheri, aliyekuwa akishona huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Alikuwa amekaa pale miaka mingi kuliko daktari yeyote. Mwaka ule macho yake yalianza kufunga ukungu. Nilikuwa namtungia uzi kwenye sindano bila yeye kuniomba.

"Mungu naye ana mzaha wake," aliniambia siku moja. "Nimemlilia mtoto maisha yangu yote. Kanipa mtoto wa jicho."

Alicheka, nami nikacheka.

Siku alipokosea kukata shuka kumi na mbili, aliitwa ofisini. Sisi wa cherehani tulilipwa kwa mwezi kama vibarua wengine. Kiinua mgongo hatukuwa nacho. Akapewa mshahara wa mwezi mmoja na shukrani. Nilimsindikiza hadi stendi, nimembebea tita lake la nguo, naye amenishika bega kwa sababu barabara alikuwa haioni vizuri. Tukakaa kwenye benchi kungoja basi la Lushoto.

"Sasa utakula nini huko, mama?" nilimuuliza.

"Nitakula cha shemeji. Wanasema akiba haiozi, eti? Yangu ilikufa imesimama. Kila shilingi niliyopata hapa nilinunua ng'ombe, nikawaweka kwa shemeji mlimani. Walifika kumi na mmoja. Ukaingia ugonjwa, mwezi mmoja wote chali."

"Ni amri ya Mungu."

"Ni amri ya Mungu, lakini ujinga ni wangu." Alinigeuzia uso, macho yake meupe yakinitafuta. "Wewe ni kama mimi, huna mtu. Basi weka vitu visivyougua ugonjwa mmoja. Umenisikia? Visiugue ugonjwa mmoja."

Basi likaja. Nilimpandisha, nikamkabidhi kwa mwanamke aliyekuwa akienda njia ile. Sikumwona tena.

Cherehani yake haikupata mtu kwa miezi saba, na wakati wote huo nilishona peke yangu mle ndani nikiyafikiria maneno yake. Nikaamua kugawa mafungu manne.

La kwanza lilikuwa posta. Nilifungua kitabu cha akiba, na kila mwisho wa mwezi nilipeleka kidogo kabla sijapita sokoni. Pesa ya posta haikui haraka, lakini haifi.

La pili ni minazi. Kwetu pwani mti ni kitu kimoja na ardhi ni kitu kingine. Unaweza kununua minazi iliyo katika shamba la mtu. Nilinunua minane karibu na Tongoni, kwa binamu ya mama, mwaka uliofuata nikaongeza mitano. Binamu aliniuliza kwa nini sinunui yote thelathini kwa mkupuo, na fedha angeningojea. Nikamwambia siwezi. Hakuelewa, na mimi sikueleza.

La tatu, michungwa ya Muheza. Mzee mmoja wa Kibondei aliniuzia kumi na miwili kwa utaratibu ule ule, akawa anaitunza naye anapata sehemu yake. Wachuuzi walikuwa wakiyanunua machungwa yangali mtini, wakayapeleka Mombasa kwa malori kupitia mpakani Horohoro. Mnazi unatoa mwaka mzima kidogo kidogo. Mchungwa unakaa kimya, halafu unatoa kwa pamoja. Niliona vinafaa kukaa kwa mtu mmoja.

La nne lilikuwa chumba. Nyumba ya mama ilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja nilikitoboa mlango wa nje, nikakipiga lipu, nikampangisha fundi wa reli, Mkatoliki kutoka bara, na mkewe.

Nikiyasema haya leo yanaonekana ya haraka. Yalinichukua miaka mitano. Miaka hiyo mitano sikununua kanga mpya ila kwa Idi. Siku zangu za mapumziko nilizimaliza njiani: wiki hii Tongoni, wiki ile Muheza. Nilikuwa nafika shambani, naizungukia miti yangu, naigusa, naangalia kama chonga ameingia kwenye kilele cha mnazi, maana mdudu yule akila moyo wa mti umekwisha. Kisha nakaa chini kula mkate niliobeba. Wanawake wa kijiji walikuwa wakinipita na kunisalimu vizuri. Hakuna aliyekaa. Walijua mimi ni mgeni wa miti, si mgeni wa mtu.

Kaka alikuja wakati bei ya mkonge ilipokuwa imepanda. Mji mzima ulinuka mkonge na fedha. Watu waliokuwa wakiuza mihogo walinunua baiskeli, na wenye baiskeli wakazungumza habari za magari. Aliingia akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuja kukutoa katika dhiki."

"Dhiki gani?"

Akacheka. Alikuwa amepata lori. Mwenye nalo alikuwa akirudi kwao na alitaka kuliuza upesi. Mashamba ya mkonge yalikuwa hayana magari ya kutosha kubeba marobota hadi bandarini. Mwenye lori hakai siku bila kazi. Fedha alizokuwa nazo kaka zilikuwa nusu ya bei.

"Uza minazi, uza michungwa, toa ile ya posta. Tutakuwa wabia, nusu kwa nusu. Kwa miaka miwili utakuwa na nyumba ya mawe. Unajichosha na nazi!"

Nilikuwa nimekaa mbele yake, kila mmoja na kahawa mkononi. Nilimpenda sana kaka yangu, na kwa miaka ile ndiye mtu pekee aliyekuwa akiniita mdogo wangu.

"Nitakupa ya posta yote," nikasema. "Miti na chumba siuzi."

"Ya posta haitoshi."

"Ndiyo niwezayo."

"Kwa hiyo huniamini."

"Wewe nakuamini, kaka. Lori silijui."

Akaweka kikombe chini hajakionja. "Mimi si mpangaji wako unipimie," alisema. "Mama angekuwa hai asingekubali upime hivi." Akainuka, akavaa viatu mlangoni, akaenda. Ya posta hakuitaka.

Laiti lori lile lingeanguka, hadithi yangu ingekuwa nyepesi kuisimulia. Halikuanguka. Alipata mbia mwingine, akalinunua, na baada ya mwaka na nusu akawa na la pili. Nyumba yake ya Ngamiani iliezekwa bati. Watu waliponikuta sokoni walinipongeza kwa utajiri wa kaka yangu, nami nikawa naitikia ahsante. Kwangu alikuwa haji tena. Idi mbili zilipita nikipika biriani ya watu sita, kwa mazoea ya mama, na jioni nikiipeleka kwa mke wa fundi wa reli.

Kisha ikaja harusi ya binti mkubwa wa kaka. Habari niliisikia kwa mpishi wa hospitali, aliyealikwa kusaidia kupika. Aliniuliza kama nitakuwa na shughuli nyingi za harusi, nami nikasema nyingi sana. Nilirudi kwenye cherehani na kukaa bila kukanyaga. Mtoto yule nilimbeba mgongoni mimi. Nilikuwa nimeanza kumshonea gauni la hariri nikijua siku yake itafika, nikalimalizia wiki ile, nikaenda bila kualikwa.

Wanawake walikuwa uani wakimenya vitunguu. Nikachukua kisu nikaketi, na walinipisha. Hakuna aliyenifukuza wala aliyenikaribisha. Mchana wifi yangu alinijia na sahani ya pilau iliyofunikwa sahani nyingine, imefungwa kwa kitambaa.

"Chukua, wifi," alisema kwa upole kabisa. "Ule kwako, utulie."

Nikamkabidhi gauni. Alilikunjua, akasema zuri, akalikunja. Nikatoka na sahani yangu wakati zamu ya kumpamba bibi harusi ilikuwa haijaanza. Barabarani nilikutana na wageni wakija.

Bei ya mkonge ilishuka baadaye, kama ilivyopanda. Kaka hakufilisika. Aliuza lori moja, akalipa waliokuwa wakimdai na aliokuwa akiwadai hawakumlipa, kisha akaamua kuhamia Mombasa, alikosema kazi ya bandari haikauki. Alikuja kuniaga asubuhi ya safari, lori limeshapakiwa vitanda na masufuria, watoto wamekaa juu ya magodoro. Alisimama barazani. Nilimwambia aingie, akasema njia ni ndefu.

"Ulifanya sawa," alisema.

"Na wewe ulifanya sawa. Ulipata."

"Nilipata." Aliangalia paa langu la makuti. "Lakini wewe hulipi mtu."

Nilitaka aseme jingine. Nilitaka aseme twende. Nisingekwenda, lakini nilitaka kusikia. Akanipa mkono, nikaubusu, na wale watoto wakanipungia hadi lori lilipokata kona.

Mwaka mmoja na kitu baada ya hapo bega langu la kulia liliganda. Nilipaka mafuta, nikakandwa, nikapigwa sindano pale pale hospitalini. Mkono ukakataa kuisukuma shuka chini ya sindano. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Nilikuwa nimejiwekea mafungu yangu kwa ajili ya bibi kizee, na sasa aliyekuja kuyadai ni mwanamke wa makamo. Nikaitwa ofisini nikapewa mshahara wa mwezi mmoja na shukrani.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu kama kwamba mtu ameupanga. Vuli haikunyesha, na michungwa ikatoa vitu vidogo kama ndimu ambavyo wachuuzi hawakuvitaka. Fundi wa reli akahamishwa, na chumba kikakaa kitupu miezi minne. Chonga akaua minazi miwili. Lakini kumi na mmoja iliyobaki ilitoa nazi kila mwezi, mkwezi akichukua zake na mimi zangu. Na pale zisipotosha nilikwenda posta. Nilikula mara mbili kwa siku mwaka ule wote. Sikukopa chumvi kwa jirani. Vuli iliyofuata ilinyesha, chumba kikapata mtu, na mizani ikarudi mahali pake. Mama yule wa Kishambaa alikuwa amesema kweli, wala sikuwa na namna ya kumpelekea habari.

Siku moja posta, karani kijana aliyekuwa akinibadilishia kitabu kilichojaa aliniuliza jina la mrithi.

"Lazima?" niliuliza.

"Ni vizuri liwepo, mama. Una mtoto?"

"Sina."

"Ndugu?"

Nikamtaja kaka. Akaandika. "Anakaa wapi?"

"Mombasa."

"Mtaa gani?"

Watu walikuwa wamejipanga nyuma yangu. Nilisimama pale na kitabu changu, nikatambua kwamba sijui. Karani akaniambia si kitu, nitaleta siku nyingine.

Niliandika barua kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa hauwezi, nikampa dereva wa malori ya machungwa aliyekuwa akimfahamu kaka. Nilimwambia kaka ninachotaka ni jina la mtaa tu. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, kwa mwandiko wa binti yake. Mtaa ulikuwa umeandikwa juu. Chini yake: Baba anasema hujambo, mguu unamsumbua, na yale machungwa ya Muheza hapa Mombasa yanauzwa ghali.

Msimu ulipofika nilimpelekea gunia. Yeye akanipelekea doti ya kanga. Tukawa hivyo miaka yote, gunia kwa doti, bila hata mmoja kuvuka Horohoro kumtazama mwenziwe, kila mtu akisema mwakani. Kanga nilizivaa zote. Asubuhi huamka saa ile ile ya kwenda kazini, na nikishafagia uwanja na kunywa chai huwa bado ni mapema mno, na hakuna anayebisha hodi.