Maksai wa Jicho Moja

Nianze na kasoro yangu. Kile kipindi cha kuandika na kujenga hoja, ambacho leo wazazi wa Mwisenge wanakisifia mpaka dukani, mimi ndiye niliyetaka kifutwe. Na sikuwa nimekiona hata siku moja.

Mimi ni mwenyekiti wa bodi ya shule. Mwenyewe niliishia darasa la nne, kijijini Butiama, nikaanza kuswaga ng'ombe mpaka mnada wa Bunda. Nyumba yangu ya Buhare imejengwa na ng'ombe, haikujengwa na insha. Kwa hiyo aliponiambia mkuu wa shule kwamba mwalimu mmoja, binti aliyetoka chuo kikuu juzijuzi, anawaweka kidato cha tano kila Alhamisi jioni akiwafundisha kubishana kwa karatasi kama watu wa chuo, nilimjibu waziwazi: "Kubishana wanajua tangu kwa mama zao. Wamefeli fizikia. Muda huo wapewe fizikia." Mkuu alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Likapangwa liamuliwe kwenye kikao cha bodi, majuma mawili mbele.

Mwalimu akanifuata nyumbani kwa bodaboda. Hakulia wala hakubembeleza.

"Mzee, wewe ulikuwa unanunuaga ng'ombe bila kumwona?"

"Sijawahi."

"Basi njoo Alhamisi umwone huyu kwanza. Ukitaka kumchinja, umchinje umeshamwona."

Nilicheka. Mtu anayenijibu hivyo kwenye kibaraza changu namheshimu. Nikaenda.

Wanafunzi walisimama wote, "Shikamoo babu," wakakaa. Swali lao siku hiyo lilikuwa kama ziwa letu lifungwe miezi kadhaa, watu wasivue, ili samaki wazaliane. Akasimama msichana mmoja, mtoto wa mvuvi wa huko Majita, akasoma kurasa mbili za Kiingereza bila kupumua. Wenzake wakapiga makofi. Kiingereza sikijui, lakini makofi ya kushukuru kwamba mtu amemaliza nayajua.

"Vizuri," nikasema. "Sasa niambie hayo kwa Kiswahili."

Akajiweka sawa. "Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mungu, mwalimu wangu, na wanafunzi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Kufunga ziwa kuna faida na hasara. Faida ya kwanza..."

"Ngoja. Lifungwe au lisifungwe?"

"Babu, kuna wanaosema lifungwe, na kuna wanaosema..."

"Hao siwajui. Nakuuliza wewe."

Akamtazama mwalimu, mwalimu hamsaidii. Nikamuuliza mtoto, "Baba yako anavua nini?"

"Sato."

"Ziwa likifungwa, nyumbani mtakula nini?"

"Tutalala njaa, babu." Akashusha karatasi. "Lakini lifungwe tu. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa anarudiga mtumbwi umezama kwa uzito wa samaki mpaka ukingoni. Sasa hivi anarudiga na ndoo. Tukiendelea kuvua vitoto, hata hiyo ndoo hatutaiona."

Hapo ndipo darasa lilipogeuka kumtazama. Mwalimu akamuuliza, "Mbona hilo hukuliandika?"

"Madam, nilifikiri hilo siyo la kuandika."

Kijana wa nyuma akanyoosha mkono, mbishi huyo, nilimpenda. "Lakini babu, akisema baba yake atalala njaa, si amejiangusha? Wapinzani watamshika hapohapo."

Nikawaambia habari ya maksai wangu. Nilimpeleka Bunda akiwa na jicho moja, la kushoto halioni. Dalali akanishauri nimsimamishe ubavu wake wa kulia uelekee watu, wasione. Nilikataa. Mteja wa kwanza alipokuja nikamwambia kabla hajasema neno: "Huyu jicho la kushoto ni bovu. Ukimfunga jembe upande wa kulia, jicho bovu linamwelekea mwenzake, na mwenzake hana haja ya kuonwa. Jicho zima linaangalia shamba." Yule mtu alimzunguka maksai mara mbili akitafuta kasoro nyingine, akakosa, akaondoka naye. Ningeificha, angeigundua yeye, na hapo hata kwato nzima angeiona mbovu.

"Kasoro itaje mwenyewe," nikawaambia, "halafu waonyeshe unapoifunga."

Mwalimu alisema huko chuo jambo hilo lina jina refu. Akanitajia. Nikamwambia abaki nalo.

Nilirudi nyumbani nimefurahi, ila sikubadilika. Kufurahi na fizikia ni vitu viwili.

Siku ya kikao wanafunzi wakaomba mmoja wao aseme. Akaingia yule yule wa Majita, na bahasha mkononi. Hakumshukuru mtu.

"Shikamooni. Tumefeli fizikia, na mwenyekiti anasema kweli. Darasa zima, na mimi nikiwemo. Ndiyo maana tumeleta karatasi zenyewe."

Akazigawa mezani. "Maswali ya kukokotoa tumepata, angalieni alama za vema. Tuliyoacha ni yale ya 'eleza kwa nini'. Tulikuwa tunajua. Hatukujua kuanza kueleza. Mkitutolea Alhamisi mkatuongezea fizikia, tutajua zaidi, na hapo chini patabaki patupu vilevile."

Nilivuta karatasi moja, nikavuta nyingine. Kiingereza chake sikukisoma, lakini mahali patupu nawezaje kutopaona? Juu vema, vema, vema. Chini peupe. Ya tatu hivyo, ya nne hivyo.

Mjumbe mmoja, nesi mstaafu, mama asiyeniogopa hata kidogo, na habari ya maksai wangu alishaisikia kwa wanafunzi, akaegemea kiti. "Mwenyekiti, huyo ng'ombe si wa kwako? Mbona unamkodolea macho?"

Ningeweza kuliahirisha. Mwenyekiti hakosi sababu. Lakini mimi nikishindwa sokoni sijawahi kudai mizani ni mbovu. Niliuliza nani anataka kipindi kibaki, na mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wangu. Fizikia ya ziada tukaipeleka Jumamosi asubuhi.

Nje nikamkuta yule msichana anarudisha karatasi kwenye bahasha.

"Babu, umekasirika?"

"Kidogo. Kuna kitu hukukisema mle ndani. Mimi nilitaka kuwafutia kipindi na hizo karatasi sikuwa nimezigusa."

"Nilijua, babu," akasema, akiinamisha kichwa kwa adabu. "Hiyo kasoro nilikuachia uitaje mwenyewe."