Jina Alilokwenda Nalo Vitani

Hebu mwone akija. Ni asubuhi, barabara ya mji mdogo ndiyo kwanza inafagiliwa, naye anashuka nayo taratibu, mguu wa kushoto ukiburura kidogo, mgongo umenyooka kama aliyemeza ufito. Shati limepigwa pasi mpaka kola inakata. Mfukoni ana sindano na uzi. Akimwona mtu kapungukiwa kifungo, humsimamisha palepale njiani amshonee shati likiwa mwilini, huku akimkaripia kama kuruta. Ndiyo maana mji mzima ulimwita Afande Vifungo.

Alikuwa fundi cherehani, kibarazani mwa duka la misumari na rangi. Kabla ya hapo, miaka kumi na minane jeshini, miwili kati yake vitani mpakani, ambako bomu la ardhini lilimchukua vidole vitatu vya mguu. Ndivyo alivyosema yeye. Karatasi ya kuthibitisha hakuna aliyewahi kuiona, na mji mdogo hauna dogo. Muuza nyama wa pale jirani alikuwa na mchezo wake: kila asubuhi humpigia saluti kwa kisu, kisha amuulize vile vidole alivipoteza vitani au alivikanyagia cherehani. Watu wakavunjika mbavu. Afande naye alicheka, akaendelea kushona. Asiyecheka alikuwa binti yake.

Binti huyo, mwanawe wa pekee, alilelewa na baba tangu mama yake afariki, yeye akiwa darasa la pili. Baba ndiye aliyemsuka nywele, vibaya, na kumfundisha kutandika kitanda mpaka shuka likaze kama ngoma. Mtu akimtania baba yake, ni kama kamtia chumvi kwenye kidonda.

Mwaka jana figo za mzee zikamgomea. Miguu ikavimba, viatu vikakataa. Hospitali ya wilaya ikasema anahitaji mashine ya kusafisha damu, na foleni ya mashine ni ya miezi. Binti akakumbuka kwamba hospitali ya jeshi inazo, tena askari wastaafu hawapangi foleni. Akamwomba baba cheti chake cha kustaafu. Mzee akasema kimepotea. Wiki iliyofuata akasema kililiwa na mchwa. Binti akaona anazungushwa, akapekua mwenyewe. Alikikuta chini ya droo ya cherehani, kimeviringishwa kwenye nailoni, kisafi. Picha ilikuwa ya baba, kijana, masikio yamechomoza. Jina lilikuwa la baba mkubwa.

Na baba mkubwa, seremala, alikuwa hai, nyumba ya tatu kutoka pale.

Alipomwekea cheti mapajani, mzee alikiviringisha tena kwenye nailoni yake. Kisha akaeleza. Mwaka ule lori la jeshi lilipokuja kuchukua vijana, lilitaka waliomaliza shule. Kaka alimaliza, yeye aliishia darasa la tano. Kaka hakuweza kwenda, mama yao alikuwa kalala na kiharusi. Mdogo alitaka kwenda kuliko kitu kingine chochote duniani. Wakaona si neno, wana wa mama mmoja, cheti cha shule ni hicho kimoja. Watarekebisha baadaye. Vita vikaja kabla ya baadaye. Na kaka, kwa kukosa cheti, alipiga randa miaka arobaini huku kila ajira ikimpita.

"Kule watataka kitambulisho changu cha uraia," mzee alisema. "Kina jina langu. Cheti kina la kaka. Watamfunga na uzee ule. Mwache, mwanangu."

"Baba, utakufa."

"Kwani nilipokwenda vitani sikulijua hilo?"

Alimbembeleza miezi mitatu. Baba mkubwa naye alivaa koti akasema anakwenda kujisalimisha, mdogo wake akaapa kwamba akitoka tu, yeye hatatia kitu kinywani tena. Basi wakabaki na foleni. Alhamisi, saa sita mchana, Afande Vifungo alifia kwenye benchi la hospitali ya wilaya, bega lake limeegemea la binti, kikaratasi cha namba hamsini na saba kiganjani. Walikuwa wamefika arobaini na mbili.

Alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Azikwe kama askari, kwa bendera na tarumbeta, mji wote usikie.

Ijumaa binti na baba mkubwa wakaenda kambini. Sajini wa ofisi ya wastaafu alikuwa mtu wa adabu, aliwapa viti na maji. Akasoma namba kwenye cheti walichomletea, faili likatoka, na yote yalikuwamo: vita, bomu, vidole vitatu, nishani ambayo mzee hakuwahi kuitaja. Sajini akavua kofia. Alisema watakuja askari wanane na mpiga tarumbeta, kesho saa nne. Kilichobaki ni fomu ya kifo ijazwe, na kibao cha kaburi kipelekwe karakana kiandikwe kabla hawajafunga.

"Jina la marehemu hapa, dada yangu," akasema, akamsogezea kalamu.

Kalamu ikasimama. Baba mkubwa akainama sikioni mwake.

"Andika langu."

"Baba mkubwa, utakuwa umekufa. Ukiugua kesho utatibiwa kwa jina gani?"

"Nilimpa akiwa hai, nije nimnyime maiti?"

Binti akatazama ile mikono ya seremala iliyoshika magoti. Akiandika jina hili, tarumbeta italia, muuza nyama atanyamaza, na yeye atakwenda kulilia kibao cha mtu aliye hai, huku baba aliyemsuka nywele hana hata herufi moja juu ya udongo. Akiandika lile la kweli, askari hawatakuja, baba atashuka kaburini akiwa mwongo machoni pa mji, na pengine mzee huyu aliye pembeni yake asitoke leo kwenye lango la kambi.

Sajini alitazama saa ya ukutani, akatabasamu kwa huruma, akasema achukue muda wake, uchungu wa baba anaujua.

Msomaji wangu, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina gani?