Panya Waliotuonjea Rangi

Siku moja haijanitoka kichwani, mjukuu wangu, na kila nikiikumbuka namshukuru Mungu. Nilikuwa kijana, nimetoka hapa Nyaishozi kwenda mjini, nikapata kazi ya kulisha panya kwenye maabara. Usicheke. Wenzangu walipata kazi za ofisini, mimi nikaangukia kwenye panya.

Tulikuwa tukijaribu rangi ya chakula, ya jamii ile inayozipa karoti na mapapai rangi ya machungwa. Panya wengine walichanganyiwa kidogo, wengine nyingi, wengine walikula chakula kitupu ili tulinganishe. Msimamizi wangu alikuwa Mama Koku, mtu mzima wa Kituntu, mpole lakini kazini hana mchezo.

Basi kaka yangu wa Kamuli, aliyekuwa akikamua juisi ya ndizi na kuiuza, akaniagiza rangi hiyo aipendezeshe juisi yake. Nikamwendea Mama Koku.

"Shikamoo mama. Naomba kopo moja la rangi nimpelekee kaka. Si ni kama karoti tu?"

"Marahaba. Kwenu mgeni akija, pombe ya rubisi anaonja nani kwanza?"

"Mwenye nyumba."

"Kwa nini?"

"Mgeni ajue haina sumu."

"Basi hawa panya ndio wanaotuonjea. Hawajamaliza, na wewe unataka kumpa mgeni kibuyu?"

Niliona aibu, nikaenda kwa kaka mikono mitupu. Kaka alininunia, akasema mjini nimejifunza uchoyo.

Jaribio lilipokwisha, panya waliokula kidogo walikuwa wazima. Waliokula nyingi, maini yalikuwa yamevimba. Mama Koku aliwatazama, akasema polepole, "Asanteni." Mimi nililia, kwa kuwa namjua kaka yangu: hapimi kitu, angemimina kwa konzi. Na aliyekuwa akinywa juisi ile kutwa nzima ni binti yake mdogo, aliyetoka tu kuacha kunyonya. Binti huyo ndiye mama yako.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, kitu kikikupendeza macho, uliza kwanza nani amekionja, na kwa kipimo gani. Anayekukatalia kwa kukupenda, usimnunie. Na ukila ukashiba, washukuru waliotangulia kuonja, hata wakiwa panya. Mungu akulinde, mikono yako isimpe mtu kitu cha kumdhuru, na nyumba yako isikose wageni.